Gari lako la spoti limeitwa kwa sababu ya loki ya steringi? Anza hivi

Kama gari lako limo kwenye rikoli ya loki ya steringi, yaani kampuni imeyaita magari yake yarudi yarekebishwe kasoro hiyo, au unahisi limo ila hujahakikisha, kuna kitu kimoja naomba uanze nacho leo hii kabla hata hujapiga simu popote. Ukishawasha, usitie gia kwanza. Zungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, ukiona unaenda pande zote mbili ndo uondoke. Sekunde 3 tu. Hili tatizo la usukani kugoma kugeuka ukilikuta gari limesimama ni kero ya kuchelewa unakokwenda basi, ila ukilikuta magurudumu yameshaanza kuzunguka hapo tunaongelea uhai wako na wa aliyeko mbele yako.

Ngoja nieleze humo ndani kunatokea nini, maana wengi wanaambiwa tu "lete gari" bila kuelezwa halafu wanalichukulia poa. Zamani loki ya steringi ilikuwa chuma tupu, ukichomoa ufunguo kuna kipini kinaingia kwenye sahani yenye meno iliyoko kwenye shafti ya usukani, ukirudisha ufunguo ukawasha kinatoka. GM, kampuni ya Marekani inayotengeneza Chevrolet, waliiweka kwenye magari yao ya mwaka 1969 kuzuia wezi. Baadaye kwenye magari mengi kikaja kimota kidogo cha umeme ndo kinachosukuma na kurudisha hicho kipini, na amri inatoka kwenye kompyuta ya gari. Sasa kitu chenye mota na waya na kompyuta kinataka umeme uliotulia, betri ikichoka kidogo tu kimota kinashindwa kurudisha kipini, au kompyuta inapata taarifa isiyo sahihi, inadhani loki imefunguka kumbe bado.

Mfano unaojulikana sana ni Chevrolet Corvette C5, zile za mwaka 1997 hadi 2004. Zilikuwa na loki ya umeme, na wenye magari hayo wanaijua vizuri ile meseji ya SERVICE COLUMN LOCK kwenye dashibodi. GM waliweka kinga: kompyuta ikiona loki haijafunguka na gari linaanza kusogea, inakata mafuta, gari linazima. Wazo zuri kabisa, ila ikaja kugundulika kwamba kuna hali ambapo loki inabaki imefunga na mafuta hayakatwi, yaani gari linaondoka na usukani haugeuki. Mwaka 2004 yakaitwa. Ile gari ina zaidi ya farasi 300, fikiria tu inaondoka hivyo na huwezi kukata kona.

Kujua kama gari lako limo usitegemee jina la modeli wala maneno ya aliyekuuzia. Tumia chesisi namba, ile ya tarakimu na herufi 17. Iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva ukichungulia kwa nje, na mara nyingi kwenye stika ya fremu ya mlango. Haina herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kitu kama O ujue ni sifuri, watu wengi wanakosea hapo halafu mfumo unawaambia gari halipo. Herufi ya 10 ndo inakuambia mwaka wa modeli, kwa mfano V ni 1997, Y ni 2000, halafu tarakimu 4 ni 2004. Ingiza hiyo namba kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, au kama gari ni la soko la Marekani ingiza kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, ni bure. Ila zingatia hili, ule ukurasa wa NHTSA unaonyesha rikoli ambazo hazijafanyiwa kazi za miaka 15 iliyopita tu. Gari la zamani kama hizo C5 linaweza kutoa majibu meupe na bado kazi haijawahi kufanyika, kwa hiyo gari likiwa na umri mpigie dila, yaani muuzaji rasmi wa kampuni husika, msomee chesisi namba, muombe akuangalizie historia yote ya rikoli za gari hilo. Usiulize "je, liko salama", uliza "rikoli ya loki ya steringi ya gari hili imefungwa au iko wazi, na ilifungwa tarehe ngapi", yaani kazi ilishafanyika au bado.

Gharama sasa. Kule Marekani matengenezo ya rikoli ya usalama ni bure, kipuri na mkono wa fundi, mradi siku rikoli inatangazwa gari lilikuwa halijapita miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza. Na hata kama wewe ni mmiliki wa tatu au wa nne, rikoli inafuata gari haifuati mtu. Kama ulishalipa mwenyewe kutengeneza tatizo hilo hilo kabla rikoli haijatangazwa, tafuta risiti, kuna utaratibu wa kurudishiwa hela na kwenye barua ya rikoli huwa wanaeleza. Nchi nyingine zina sheria zao kwa hiyo uliza mapema kabla hujaacha ufunguo.

Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanaumia. Kuna kifaa watu wanakiuza cha kudanganya kompyuta, unachomeka kwenye plagi ya loki, kompyuta inaambiwa muda wote kwamba loki iko wazi, meseji inapotea, gari linawaka, kila mtu anafurahi. Shida ni kwamba kile kifaa kinaua ile kinga ya kukata mafuta. Kama fundi amekifunga wakati kipini kiko nje ya sahani na mota imechomolewa umeme kabisa, sawa, kipini hakina cha kukisukuma. Lakini kama amekifunga haraka haraka, mota bado inapata umeme, au kipini kilikuwa hakijatoka vizuri, umebaki na gari linaloweza kufunga usukani na kompyuta inakwambia mambo safi. Nimewahi kukaa kwenye gari la rafiki yangu lililofanyiwa hivyo, meseji haipo kabisa, yeye anajua limepona, siku moja anarudi nyuma kwenye maegesho usukani haugeuki na gari linaendelea kwenda. Breki ndo ilitusaidia, na ilikuwa mwendo wa kutembea. Kwa hiyo kama umenunua gari na hujui limefanyiwa nini, mwambie fundi afungue akague kwa macho chini ya steringi kabla ya kitu kingine, asisome mashine tu. Na wewe mwenyewe usiende kufungua pale, kuna eabegi kwenye usukani, hiyo siyo kazi ya kujaribu.

Wakati unasubiri zamu yako kwa dila, betri ndo iangalie kwanza. Gari likiwa limezima na limepumzika usiku mzima, betri nzima inasoma kama volti 12.6, ukiona 12.2 kushuka hiyo imechoka, ichaji au badilisha. Magari ya spoti yanalala sana gereji wiki nzima bila kuguswa, betri inakufa polepole, halafu siku unayoamua kutoka ndo siku loki inagoma. Safisha vichwa vya betri na kaza. Kabla ya kuchomoa betri kwa kazi yoyote zima swichi kabisa na utoe ufunguo, usiache katikati. Na punguza mizigo kwenye ufunguo, hiyo inahusu zaidi swichi kuliko loki ila nimeona niseme, mwaka 2014 kwenye rikoli nyingine ya GM ya swichi za kuwashia waliwaambia wenye magari watoe kila kitu wabaki na ufunguo peke yake.

Ikigoma ukiwa umesimama usivute usukani kwa hasira. Kwanza hakikisha siyo kubanwa kwa kawaida: kama tairi za mbele zimeegemea ukingo au uliegesha zikiwa zimekata kona, kipini kinabanwa na meno ya sahani, hapo tikisa usukani taratibu huku unageuza ufunguo, ukifunguka na hakuna meseji basi hilo halina uhusiano na rikoli. Kama kuna meseji, zima, toa ufunguo, subiri kidogo, jaribu tena. Ikirudi tena, basi, piga picha ya dashibodi, ita gari la kubebea, na sisitiza libebwe juu ya kitanda chake maana gari lenye usukani uliofungwa huwezi kulikokota kwa kamba.

Na ikitokea gari linatembea, breki mara moja na ushike breki sawasawa mpaka lisimame, taa za dharura, na usichomoe ufunguo wala kuzima kabla halijasimama kabisa.

Siku ya kuchukua gari omba karatasi yenye namba ya rikoli, chesisi namba yako na tarehe, na muulize fundi amefanya lipi hasa, maana dawa hazifanani: kuna gari linapangiwa upya programu ya kompyuta, kuna linalong'olewa ile sahani yenye meno kabisa. Ukijua lako lilifanyiwa lipi, siku meseji ikitokea tena utajua ni waya tu au ni hatari. Halafu pale pale kwenye maegesho yao, washa na kuzima mara kama tano, kila mara zungusha usukani, kisha uondoke. Baada ya wiki chache rudi kwenye tovuti uingize namba tena, ikiwa bado inasema iko wazi mpigie dila, mara nyingi hawajaiingiza kwenye mfumo, na ile karatasi iache ndani ya gari kwa ajili ya atakayelimiliki baada yako.