Kupiga na Kuhariri Video ya Harusi: Anza na Sauti

Harusi nyingi za Dar es Salaam huanzia saluni asubuhi, hupita kanisani au msikitini, husimama kidogo mahali pa kupigia picha, kisha huishia ukumbini usiku wa manane. Katika saa zote hizo, yasiyoweza kurudiwa ni machache: viapo, kuvishana pete, nasaha za wazazi. Shela lililotundikwa dirishani na viatu vya bibi harusi vinaweza kupigwa tena baada ya dakika kumi. Mpiga video mzuri hupanga vifaa na watu wake kwa ajili ya hayo machache, na kinachoyabeba kwa sehemu kubwa ni sauti.

Ratiba hutolewa na kamati, lakini mwenye saa ya ukumbi ni MC. Zungumza naye pamoja na DJ kabla wageni hawajaingia, na mkubaliane kwamba hataita keki wala shampeni kabla hujampa ishara kuwa uko tayari. Kanisani, muulize paroko au mchungaji mapema unaruhusiwa kusimama wapi, kwa kuwa wengi hawataki mtu apite mbele ya madhabahu ibada ikiendelea.

Maikrofoni iliyo juu ya kamera hunasa mwangwi, feni na kikohozi cha aliye jirani, kwa hiyo isitegemewe kwa lolote zaidi ya kulinganisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Bana maikrofoni ndogo kwenye koti la bwana harusi. Wakisimama wakitazamana, itanasa pia sauti ya mwenzake bila kugusa shela. Ukumbini, unganisha kinasa sauti na miksa ya DJ, kisha weka kingine kinachotumia betri karibu na spika, maana umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, cha kwanza kinaweza kuzimika katikati ya nasaha. Acha nafasi ya kutosha kwenye kipimo cha sauti, maneno ya kawaida yakifika karibu na desibeli 12 chini ya kikomo, kwa sababu vigelegele hupanda ghafla, na sauti iliyopasuka ni vigumu sana kuitengeneza.

Nikahi ina ugumu wake. Wali, yaani msimamizi wa bibi harusi katika ndoa, anaozesha, bwana harusi anajibu kwamba amekubali, na jambo limekwisha ndani ya sekunde chache, aghalabu bibi harusi akiwa chumba au nyumba nyingine. Kamera iwe inarekodi tangu hotuba ya ndoa, na mtu wa pili awe tayari upande wa bibi harusi. Kwa sherehe za wanawake peke yao, kama zinavyofanyika Zanzibar na kwingineko pwani, kupeleka wapiga video wanawake hakutoshi. Uliza pia nani atahariri, faili zitakaa kwenye kompyuta ya nani, na nani atazitazama. Familia iliyovua mabuibui mbele ya kamera ya mwanamke haikukubali kutazamwa na kijana wa studio.

Kuhusu mwanga, jambo la kwanza ni uso. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, weupe wa shela huihadaa na nyuso za maharusi hugeuka giza. Pima mwanga kwenye ngozi, ukiangalia tu kwamba nakshi za shela hazipotei. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo piga fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde ili taa za ukumbi zisimetemete kwenye picha. Kwa mwendo wa polepole, tumia fremu 50 na shata ya 1/100. Taa za rangi za mapambo ni shauri jingine: omba zambarau na bluu zipunguzwe angalau wakati wa keki.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, nakili kadi zote kwenye diski mbili, na usizifute kadi hizo.

Uhariri uanze kwa kusikiliza. Pitia viapo na nasaha zote bila kujali picha, chagua sentensi chache zenye uzito, zipange zieleweke kama mazungumzo, kisha ndipo utafute picha za kuzifunika. Filamu fupi ya dakika nne hadi sita hupatikana kwa njia hiyo. Ile ndefu isidharauliwe, ingawa vijana wengi wa kazi hii huiharakisha: watu walitoa michango, walicheza kwenye foleni ya zawadi, na shangazi aliyetoka Bukoba atajitafuta humo. Hakikisha kila meza imeonekana. Katika kusawazisha rangi, ngozi ibaki kama ilivyo. Kumng'arisha bibi harusi hadi dada zake wasimtambue ni kumkosea heshima.

Muziki nao una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda wasanii, na YouTube hutambua nyimbo yenyewe na inaweza kuizuia video, kwa hiyo nakala ya mtandaoni itumie muziki wenye leseni. Ruhusa ya kuiweka hadharani iandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kukabidhi kazi, idadi ya marekebisho, na jina la mtu mmoja atakayeyaleta, ambaye ni vyema awe bibi au bwana harusi mwenyewe badala ya kamati nzima.