Kufunga kabati za chuma ukutani kwa gereji ndogo: anza na ukuta

Wadau, wengi wakifungua ka-gereji hapa Nairobi wananunua kabati kwanza alafu ndio wanakumbuka kuangalia ukuta. Pindua hiyo. Ukuta ndio utakwambia ubebe kabati ya ukubwa gani na uifunge na nini, kwa hivyo kabla hujateremka Kamukunji kwa mafundi wa bati na pesa mfukoni, fanya hivi.

HATUA YA 1: Ukuta
Vyumba vingi huku vimejengwa na mawe ya mashine, yale ya Ndarugo, inchi sita kwa tisa ama tisa kwa tisa, lakini jiwe na jiwe zinatofautiana sana. Toboa shimo moja dogo mahali kabati itafunika. Drili ikisonga polepole na kelele mingi, jiwe ni gumu, Rawlbolt (bolti za kupanuka ndani ya shimo) za milimita 10 zitashika bila shida. Ikizama haraka na unga unamwagika tu chini, jiwe ni laini, na hapo wachana na bolti za kupanuka kwa sababu ukizikaza ndio zinalipasua jiwe lenyewe. Tumia chuma chenye nyuzi mwanzo mpaka mwisho, kitokee upande wa pili wa ukuta, ukikaze huko na bati nene, washa na nati (ongea na jirani kwanza, usimtobolee sebule). Toboa katikati ya jiwe, si kwa jointi, manake simiti ya jointi kwa hizi nyumba za haraka mara nyingi ni mchanga mtupu.

Na stima: waya zilizofichwa kwa ukuta kawaida zinapanda ama kushuka wima kutoka kwa soketi na swichi, so usitoboe juu wala chini yake, na uzime meni swichi kabla ya kuanza. Drili unaeza kuivutia waya kutoka kwa jirani.

HATUA YA 2: Ingiza gari
Hii watu wanairuka alafu wanalia. Ingiza gari kubwa kabisa yenye huwa unatengeneza, fungua boneti, fungua milango yote, na kama ni Probox fungua ule wa nyuma unaopanda juu. Sasa shika chaki, chora kwa sakafu na kwa ukuta pale kila kitu kinafika, alafu zunguka gari ukiwa umeshika jeki mkononi uone kama unapita. Nafasi inayobaki ndio ya kabati, na usisahau milango ya kabati pia inafunguka. Mara nyingi utapata kina cha futi 1 ndio kinaingia, na ni sawa, kwa sababu kabati ikizidi kutokeza inazidi kuvuta bolti za juu zing'oke. Kwa bench, wacha kama sentimita 50 kati ya juu ya bench na chini ya kabati ndio vaisi na mikono zipate pa kufanyia kazi.

HATUA YA 3: Kabati yenyewe
Kamukunji wale mafundi wa masanduku ya shule watakutengenezea ya saizi yako, ama utafute za ofisi za mtumba. Ukitengenezewa sema geji 18, na uwe hapo bati ikipimwa. Bati la futi 8 kwa 4 la milimita 1.2, ndio hiyo geji 18, lina uzito wa kama kilo 28, la geji 22 ni kama 17, so ukiinua upande mmoja tu mkono utakwambia kama unadanganywa. Kabati ya futi 3 kwa 2 kwa 1 ikiwa tupu inapita kilo 20, bado hujaweka hata spana moja. Mwambie fundi aongeze kipande cha chuma kwa mgongo ndani pale bolti zitapita, bati peke yake inararuka.

HATUA YA 4: Kuifunga
Usiitundike na bolti peke yake. Funga kwanza chuma cha engo cha inchi moja na nusu kwa ukuta, kilale sawa na pima maji, kishikwe na bolti kila baada ya jiwe moja hivi. Kabati inakaa juu ya hiyo engo, uzito wote unashuka hapo, na bolti za juu kazi yao ni kuizuia tu isiangukie mbele. Bolti zikazwe kutoka ndani ya kabati, mwizi asipate kichwa cha kufungua. Katikati ya kabati na ukuta weka washa nene hewa ipite.

HATUA YA 5: Kupanga
Jeki, stendi na vitu zingine nzito zinabaki chini. Kwa kabati weka vitu za bei na zile hutumii kila saa. Spana za kila siku, hasa 10, 12, 14 na 17 ambazo Toyota zinakula kutwa, ziwe nje kwa ubao na uchore umbo la kila moja na makapeni, jioni ukiangalia ubao unaona moja kwa moja ni gani haijarudi. Nati na skrubu tia kwa chupa za plastiki za kuonekana, mkebe wa Kimbo ni mzuri lakini utafungua yote sita ukitafuta washa moja.

Betri usiweke pamoja na spana, mvuke wa asidi unazilisha kutu, na usichajie betri ndani ya kabati imefungwa, inatoa gesi inayolipuka. Petroli na thina mbali kabisa na pale unachomelea.

MASWALI

Kibandani: Mkuu, mimi ni mabati pande zote, nafunga wapi?
> Usifunge kwa bati. Chomelea fremu ya skwea tubu kutoka sakafuni mpaka juu, miguu ifungwe kwa simiti chini, kabati ishike fremu. Bati iwe ya kuzuia mvua tu.

Mama Gereji: Landilodi amekataa tutoboe hata msumari.
> Fremu hiyo hiyo, lakini ipe miguu mipana na uweke vitu nzito kwa shelfu ya chini isipinduke. Ukihama unabeba yote. Na mweleze utaziba mashimo ukitoka, wengine wanalegea wakisikia hivyo.

Fundi K: Aprili kila kitu inashika kutu hata ndani ya kabati, nifanye?
> Fungua milango mchana kukiwa na jua, pangusa spana na kitambaa chenye oil kidogo kabla ya kufunga. Na angalia nyuma ya kabati, kama imelala kwa ukuta wenye unyevu ndio shida yako. Ilegeze, weka washa.

Mama Gereji: Vijana hawarudishi spana, ubao nishachora.
> Kila mtu apewe pete za bati zenye namba yake, akichukua spana anatundika pete mahali pake. Saa kumi na moja unasoma ubao unajua umuulize nani.