Kupanga malazi ya bei nafuu Ouro Preto, kwa anayetokea Afrika Mashariki

Shemeji yangu ni broka wa mawe pale Arusha. Maisha yake yote ni tanzanite ya Mererani, na mwaka huu akashikwa na hamu ya kuuona mji mwingine wenye jiwe lake: Ouro Preto, jimbo la Minas Gerais, Brazili, ambako hutoka topazi ya kifalme. Mimi nilishafika huko, nikapoteza hela na usingizi, nikajifunza. Tukakaa jioni mbili sebuleni kwake na simu mbili na daftari, tukapanga usiku tano. Nayaandika hapa kwa sababu nimechoka kuyarudia kwa sauti za WhatsApp.

Viza na tiketi ya ndege sizigusi, kila mtu ana njia zake. Cheti cha homa ya manjano kiweke ndani ya pasipoti kabisa, maana unarudi nyumbani ukitokea Brazili na utaulizwa.

Hatua ya 1: Tarehe

Ouro Preto ulikuwa mji wa dhahabu tangu miaka ya mwisho ya karne ya 17, uliitwa Vila Rica mpaka 1823, na UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1980. Maana yake kwako wewe mwenye bajeti ndogo ni moja: Wabrazili wenyewe wanaupenda, na wana sikukuu nyingi. Kwepa Karnivali, wiki ya Pasaka, tarehe 21 Aprili ambayo ni siku ya Tiradentes, shujaa wao wa uhuru, na Julai ya tamasha la majira ya baridi. Siku hizo vyumba havitolewi kwa usiku mmoja mmoja. Wanauza *pacote*, yaani usiku kadhaa kwa pamoja, ulale usilale.

Panga kuingia Jumapili na kutoka Ijumaa asubuhi. Chumba kile kile, kitanda kile kile, bei nyingine kabisa.

Mvua ni Oktoba hadi Machi, na Desemba na Januari si za mchezo. Januari 2022 kilima kinachoitwa Morro da Forca kiliporomoka kikafukia jumba la karne ya 19 katikati ya mji. Mimi Januari siendi. Mei naipenda: anga safi, wanafunzi wapo shuleni, na baridi haijakomaa.

Hatua ya 2: Jua unachokodi

*Pousada* ni nyumba ya wageni, mara nyingi ya familia, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Hiyo ndiyo ya kutafuta. *Hostel* ni vitanda vya chumba cha pamoja. *República* ni nyumba ya wanafunzi wa chuo kikuu, baadhi hupokea wageni, na bei yake ni rahisi kweli, ila usitegemee kulala kabla ya saa tisa usiku. *Motel* ni pa wapenzi wanaolipa kwa saa. Usipeleke risiti yake ofisini.

Hatua ya 3: Mtaa (usiamini umbali wa kwenye ramani)

Hapa niliumia miguu. Niliona chumba cha bei nzuri, ramani ikasema mita 700 kutoka uwanja mkuu. Nikasema mita 700 ni nini, hata si Clock Tower mpaka Kaloleni pale Arusha. Nikafika na sanduku la magurudumu. Barabara za mji ule wa zamani zimetandikwa mawe, hazina lami, na zinashuka kama ukuta. Gurudumu la kwanza liling'oka nikiwa nusu ya mteremko. Kutoka hapo nililibeba sanduku kichwani, na bibi mmoja dirishani akawa ananihesabia ngazi kwa kicheko.

Mji umekaa hivi. Praça Tiradentes, uwanja mkuu, uko juu, kwenye mgongo wa kilima. Upande mmoja unateremka kwenda Pilar, upande wa pili kwenda Antônio Dias. Ukilala bondeni, upande wowote, kila ukienda mjini unapanda. Stendi ya mabasi nayo iko juu zaidi ya uwanja, karibu na kanisa la São Francisco de Paula, na kutoka stendi mpaka uwanjani unateremka kwa barabara ya Padre Rolim.

Kwa hiyo pendekezo langu: tafuta pousada kando ya Padre Rolim, au hatua chache kutoka Praça Tiradentes. Ukizidiwa na bei, nenda Antônio Dias, si mbali na kanisa kuu la mtaa ule. Kule utakuwa pia karibu na mgodi wa Chico Rei, unaoingilika kwa miguu. Wenyeji husimulia kwamba Chico Rei alikuwa mfalme kutoka Kongo, akaletwa mtumwa, akajinunua na kununua wenzake. Ni hadithi ya kupokezana, lakini mashimo ni ya kweli na yalichimbwa na Waafrika. Ukiinama ndani mle utawakumbuka wanaapolo, wachimbaji wetu wa Mererani.

Kabla ya kulipa, fungua picha za mtaa kwenye programu ya ramani na utazame milango ya nyumba. Kama kizingiti cha nyumba moja kiko usawa wa dirisha la nyumba inayofuata, achana na chumba hicho. Na uende na begi la mgongoni. Sanduku liache kwa mkeo.

Hatua ya 4: Kulipa (soma hii mara mbili)

Hii ndiyo iliyonila usiku mzima. Nilikuta bei tamu kwenye tovuti ya Kibrazili, nikajaza jina, barua pepe, nikafika kwenye kisanduku kimoja: CPF. Hiyo ni namba ya mlipakodi, tarakimu 11, na Mbrazili huitaja dukani, kwenye duka la dawa, kwenye basi, kila mahali. Sina. Nikaandika namba ya pasipoti, ikakataa herufi. Nikaandika sifuri 11, ikakataa. Nikabuni namba, ikakataa pia, kwa sababu tarakimu mbili za mwisho hukokotolewa kutokana na zile tisa za mwanzo. Tovuti inajua kwamba unadanganya.

Kuna watu watakupa namba "iliyotengenezwa" ambayo inapita. Usiitumie. Inaweza kuwa ya mtu halisi, na ukifika mapokezi wanachukua pasipoti yako kujaza fomu ya wageni. Jina halilingani, na wewe ni mgeni mwenye rangi inayoulizwa maswali mara mbili.

Mfuatano wetu na shemeji ulikuwa huu.

Kwanza, weka nafasi kwenye tovuti ya kimataifa ya hoteli, ile yenye kuruhusu kulipa ukifika na kufuta bila gharama. Haitaki CPF, na inakupa karatasi ya uthibitisho kwa ajili ya ubalozi. Angalizo: baadhi ya pousada hujaribu kadi yako mapema, na benki zetu nyingi hufunga malipo ya mtandaoni ya nje mpaka uombe. Yangu ilikataliwa saa tisa usiku, nafasi ikafutwa asubuhi. Ipigie benki yako kabla, waambie Brazili, na waulize ile namba ya siri ya mara moja inatumwa wapi. Kama inakuja kwa SMS kwenye laini ya nyumbani, basi laini hiyo lazima ifanye kazi ukiwa nje ya nchi. Weka salio, washa romingi, jaribu kabla ya kuondoka.

Pili, baada ya kuwa na nafasi mkononi, iandikie pousada moja kwa moja WhatsApp. Nyingi hupunguza bei ukikwepa tovuti, maana tovuti inakula kamisheni. Nakili ujumbe huu kama ulivyo (unasema unatoka Tanzania, huna CPF, na unauliza kama unaweza kulipa ukifika, kwa kadi au taslimu):

*Bom dia. Sou da Tanzânia e não tenho CPF. Posso pagar na chegada, com cartão de crédito ou em dinheiro?*

Watakujibu kwa upole wa Minas, kisha wataomba *sinal*, yaani malipo ya awali ya kushikia chumba, kwa Pix. Pix ni njia ya kutuma pesa papo kwa papo iliyoanzishwa na benki kuu yao Novemba 2020. Fikiria M-Pesa, ila inakaa juu ya akaunti ya benki, na bila akaunti ya Brazili huwezi. Jibu kwamba huna Pix, wakutumie kiungo cha kulipia: *Não tenho Pix. Pode mandar um link de pagamento?* Wakituma kiungo, lipa kwa kadi. Wakikataa, baki na nafasi yako ya kwanza wala usione haya. Shemeji alikuwa tayari kumtumia pesa kijana mmoja wa mtandaoni aliyejitolea kumlipia Pix. Nilimnyang'anya simu.

Tatu, kama unajua utarudi, omba CPF yako halali. Mgeni anaruhusiwa kuwa nayo, na maombi hupitia ubalozi wa Brazili. Upo Dar es Salaam na upo Nairobi. Shemeji ameianza, kwa sababu mawe hayamwishi mtu hamu kwa safari moja. Itakusaidia hata kusajili laini ya simu.

Mapokezini, mhudumu akikuletea mashine atauliza *débito ou crédito?* Sema *crédito*, hata kama kadi yako nyumbani unaiita ya debiti. Akibonyeza débito, nyingi za kwetu hukataa na utadhani huna hela. Na mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au kwa reais, pesa ya Brazili, chagua reais.

Kuhusu saa za kuwaandikia, hesabu ni nyepesi kuliko unavyodhani. Wako nyuma yetu saa 6 mwaka mzima. Walifuta kusogeza saa mwaka 2019. Kwa hiyo saa yetu ya Kiswahili na saa ya ukutani kwao zinafanana. Kwetu ikiwa saa nane mchana, kwao saa ya ukutani inasoma 8 asubuhi. Saa tatu usiku ya Arusha, kule ni 15, yaani 3 mchana. Shemeji alicheka mpaka akamwaga chai.

Hatua ya 5: Basi

Ndege ya ndani itakushusha Confins, uwanja wa Belo Horizonte. Panda basi la uwanjani mpaka stendi kuu ya mjini, *rodoviária*, kisha nunua tiketi ya Ouro Preto dirishani ukiwa na pasipoti. Ni kama kilomita 100, saa mbili hivi. Mtandaoni utakutana na CPF ile ile, usijisumbue. Ijumaa jioni hujaa wanafunzi na wageni wa wikiendi.

Hatua ya 6: Kabla hujatua begi

Omba kuona chumba. Nusa. Nyumba zile ni za zamani, kuta nene, na chumba cha chini upande wa kilima kina unyevu unaokaa kwenye godoro. Ukisikia harufu ya gunia bichi, omba cha juu. Mei hadi Agosti omba blanketi la pili papo hapo, kwa sababu mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na vyumba vya bei yetu havina kipasha joto.

Shawa utaifahamu: ni ile ile ya kichwa cha plastiki chenye umeme, kama ya gesti za Arusha na Nairobi. Swichi inasoma *verão* (vuguvugu) na *inverno* (moto). Funga maji kwanza ndipo uiguse swichi, na ukitaka joto zaidi punguza maji, usiongeze. Umeme wao ni volti 127. Chaja ya simu haina shida. Pasi uliyoibeba kutoka nyumbani itapata vuguvugu tu. Plagi zao hazipokei pini zetu tatu bapa, lakini kiunganishi cha pini mbili nyembamba za mviringo kinaingia vizuri. Karatasi ya chooni tupa kwenye ndoo, siyo chooni.

Hatua ya 7: Kula

Kifungua kinywa cha pousada kula mpaka uone haya: *pão de queijo* ya moto, yaani vimkate vya jibini, mapapai, kahawa. Mchana tafuta kibao cha *self-service por quilo*, unapakua mwenyewe na sahani inapimwa kwenye mizani. Wali na maharage ni vizito na bei yake ni sawa na nyama, kwa hiyo mwenye akili anaanza na nyama. *Prato feito* ni sahani iliyopangwa tayari, na jioni ndiyo mkombozi.

Shemeji ni Mwislamu wa Tanga, na hapa nilimkazia: Minas ni nchi ya nguruwe. *Feijão tropeiro* na *tutu* zinaonekana maharage tu, ila zina mafuta na vipande vyake. Hata mboga ya *couve* wakati mwingine hukaangwa humo. Swali la kuuliza ni *tem porco?* na, jibu likiwa hapana, ongeza *nem bacon?* Kwa sababu kwao bacon haihesabiwi kuwa nyama. Mayai, jibini na samaki vipo.

Tiketi ya kurudi Belo Horizonte inunue siku ile ile unaposhuka, dirisha liko hapo hapo stendi, na begi bado liko mgongoni. Ukingoja, utaupanda mlima ule mara mbili.