Kabla hujakata mbao ya kitako cha sanamu

Pima sanamu kwanza, mbao baadaye. Wengi huanza na kipande cha mbao walichokipenda, halafu wanalazimisha sanamu ikae juu yake. Kitako kikubwa mno huimeza sanamu, chembamba mno huangushwa na paka anayepita. Kwa sanamu ya kichwa na mabega, kitako kiwe chembamba kuliko mabega lakini kiwe kizito. Mpingo unajitosheleza kwa uzito. Mbao nyepesi itoboe kwa chini, uzike kipande cha chuma.

Vaa barakoa na miwani. Vumbi la mpingo na la mtiki huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Sasa ukavu wa mbao, na hapa soma polepole. Niliwahi kupewa kipande cha tawi nene lililokatwa karibuni, lina rangi mbili za kupendeza na kiini katikati kabisa kama mboni ya jicho. Nikakikereza siku hiyohiyo, kikatoka laini bila shida. Hiyo ilikuwa dalili ya ubichi, nami nikaiona ni bahati. Juu yake nikaweka sanamu ya askari mzee niliyoipaka rangi jioni baada ya jioni kwa miezi mitatu. Nilitoboa tundu palepale kwenye kiini, nikaingiza waya wa shaba, nikaubana kwa gundi ya epoksi.

Wiki ya tatu, usiku, nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa. Asubuhi nikaona ufa mwembamba kama unywele, umetoka kwenye tundu hadi ukingoni. Baada ya siku chache ukucha wangu ulikuwa unaingia humo. Waya ukalegea, askari akaanza kuinama, na kabla sijaamua la kufanya nikamkuta sakafuni, pua imekatika na rangi ya bega imebanduka. Pua niliiunda upya. Rangi ile ya bega sijaipata tena mpaka leo.

Kosa halikuwa la gundi. Mti ukikauka husinyaa, ila hausinyai sawasawa. Kwa kufuata mzunguko wa zile pete za umri husinyaa karibu mara mbili ya kutoka kiini kwenda ganda, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Kipande cha mviringo chenye kiini ndani kinavutana chenyewe, na mara nyingi hupasuka. Basi kata kitako upande usio na kiini. Mbao mbichi ipake nta au rangi kwenye ncha zote mbili, iweke kivulini penye hewa, na uhesabu takriban mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Usiipime kwa kuigusa, maana nje hukauka mapema na ndani bado maji. Iweke kwenye mizani ya jikoni, andika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe, rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, hapo shika msumeno.

Kitako kikamilike kabla sanamu haijakikanyaga. Msasa namba 120, 180, kisha 240. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili nyuzi zisimame, kikauke, upitishe 240 tena. Ncha za mbao hunywa vanishi kuliko ubavu, kwa hiyo tabaka la kwanza liwe jepesi.

Kama sanamu ni ya madini ya risasi, usitumie mbao ya mwaloni, hasa ndani ya kabati la kioo lililofungwa. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi unaoila risasi polepole. Ukiona unga mweupe kwenye mikunjo ya nguo za sanamu, ujue tayari inaliwa.

Ukipaka mbao mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa vyake usivikunje na kuvitupa kwenye pipa, huweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au uviloweke kwenye maji.

Kitako kisikae dirishani panapopigwa jua. Na mgeni akitaka kuitazama sanamu kwa karibu, mwambie mapema ashike mbao kwa mikono miwili, asiinyanyue kwa kichwa.