Kabla hujalipia tiketi ya ndege kipindi cha mlipuko

Ukisikia Wizara ya Afya imetangaza ugonjwa wa mlipuko na wewe una safari, kabla ya kukimbilia barakoa toa tiketi yako uisome. Yote. Hata yale maandishi madogo ya chini.

Sisi wa Kigoma hatuwezi kusema mambo haya ni ya watu wa mbali. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga. Marburg imeibuka Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, nchi iliyokuwa inaongoza kwa wagonjwa ilikuwa Kongo, hapo ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo anayekata tiketi kutoka huku aikate akijua kwamba mpaka siku ya safari ifike, lolote linaweza kutokea.

Ya kawaida nayapitia haraka. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani, na mtu asikuambie imeisha muda umpe hela aifanye upya: tangu Julai 2016 chanjo ile inahesabiwa ya maisha. Kama nchi unayokwenda inataka cheti cha kipimo, piga hesabu ya saa kuanzia Kigoma, usihesabu kuanzia Dar es Salaam. Wakati wa corona nchi nyingi zilitaka kipimo kisichozidi saa 72, na kuna watu walifika uwanjani Dar cheti kimeshachacha.

Sasa tiketi yenyewe. Usimuulize wakala bei tu. Muulize mambo matatu, akujibu kwa maandishi: nikibadili tarehe nakatwa kiasi gani, nikighairi narudishiwa nini, na nisipotokea inakuwaje. Tiketi za bei ya chini kabisa mara nyingi nauli yake hairudi, labda zile kodi na tozo za viwanja ambazo hazikutumika, nazo mpaka uziombe. Hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha kodi zako.

Na shirika likitangaza kwamba kipindi hiki "kubadili tarehe ni bure", usishangilie bado. Kilichosamehewa hapo ni faini ya kubadili. Kama tarehe mpya nauli imepanda, tofauti unalipa wewe. Watu wengi wamegombana na wasichana wa kaunta kwa jambo hili, na kosa si la wale wasichana.

Nakuja kwenye lililoniuma.

Machi 2020 baba alikuwa na miadi ya moyo India. Mzee alikuwa mvuvi, na hela ya safari ilipatikana baada ya kuuza injini ya boti yake pale Kibirizi. Tiketi zilikuwa mbili, yake na yangu mimi wa kumsindikiza, kwenda Mumbai tarehe 26. Tarehe 11 India ikatangaza kusimamisha karibu viza zote kuanzia tarehe 13. Zetu zikafa hapo hapo. Tarehe 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona hapa nchini. Tarehe 17 Waziri Mkuu akafunga shule, watoto wakarudi nyumbani na mabegi, mtaa mzima presha juu. Na mimi, kwa akili zangu zote, nikaona bora niwahi kabla wenzangu hawajawahi. Nikampigia wakala: ghairi, ghairi zote mbili, leo hii. Akaniuliza, "Dada, una uhakika?" Nikamwambia nina uhakika.

Siku mbili baadaye, tarehe 19, India ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 hakuna ndege ya abiria kutoka nje itakayotua nchini mwao. Ndege yetu ikafutwa na shirika lenyewe. Nikafurahi, nikijua sasa hela inarudi yote. Wakala akanijibu kwa upole mpaka nikaona aibu: "Dada, ndege imefutwa, lakini wewe hukuwemo tena. Ulishaghairi."

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kila mtu anapaswa kukijua kabla hajanyanyua simu. Kughairi ni kwako, kufuta ni kwao, na haya maneno mawili hayalipwi sawa. Ukighairi wewe, hata kwa sababu nzuri kiasi gani, hata kwa viza iliyosimamishwa na serikali ya watu, unahukumiwa kwa masharti ya tiketi uliyonunua. Habari za viza mashirika yanazihesabu kuwa mzigo wa abiria. Wakifuta wao, wao ndio walioshindwa kutoa huduma, na mazungumzo yanaanzia kwenye kukurudishia nauli au kukupa safari nyingine. Kati ya shilingi 2,480,000 za tiketi mbili nilirudishiwa kodi tu, 386,000. Injini ya mzee ilikuwa inaendelea kuvua kila usiku, kwa mwenye nayo mpya.

Halafu kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge wa Ujiji, ndege moja na sisi, tarehe moja. Yeye hakughairi, na wala haikuwa busara. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Kalemie, Kongo, na simu haishiki. Aliporudi alikuta ujumbe wa shirika: safari imefutwa, chagua vocha (si ya simu, ni hati ya kukatia tiketi nyingine baadaye) au fedha. Akachagua fedha. Zilichukua mpaka Novemba, lakini alizipata. Mpaka leo tukikutana sokoni ananicheka.

Ila sikuambii ukae kimya tu usubiri. Kusubiri kuna mwisho wake. Ukisubiri mpaka ndege ikaruka bila wewe, unaandikwa hukutokea, na aliyeandikwa hivyo hupoteza karibu kila kitu. Angalia masharti yanasema saa ngapi kabla ya safari ndio mwisho wa kubadili au kughairi, weka kengele kwenye simu kabla ya saa hiyo, na kila siku tazama kama safari bado ipo. Kama shirika limetoa msamaha wa kubadili tarehe, badili, kwa sababu anayebadili tiketi yake bado iko hai. Kughairi kuwe cha mwisho kabisa.

Jambo la pili linatuhusu sana sisi wa mikoani. Ndege ya Kigoma kwenda Dar na ile ya kutoka Dar kwenda nje, je, ziko kwenye tiketi moja au mbili? Kama ni tiketi mbili za mashirika mawili, kila shirika linajua kipande chake tu. Ndege ya nje ikifutwa, yule wa Kigoma hana habari na hadaiwi kitu, maana ndege yake iliruka vizuri kabisa na kiti chako kikiwa kitupu. Kama ni tiketi moja, shirika linabeba safari nzima, na hiyo ni nafuu kwako. Lakini tiketi moja nayo ina mtego: usiruke kipande cha kwanza. Kuna mtu akiona ndege ya Kigoma imesogezwa anasema, basi nitapanda treni, ndege nitaikuta Dar. Anakaa garimoshini zaidi ya kilomita 1,200, anafika uwanjani anaambiwa safari yake yote imeshafutika kwenye mfumo kwa sababu Kigoma hakutokea. Ukitaka kwenda na treni, waambie kwanza, wakurekebishie tiketi, ndipo upande.

Namba ya simu na barua pepe kwenye tiketi ziwe zako. Mawakala wetu wengi hujaza za kwao, kwa kukusaidia au kwa uvivu, halafu ujumbe wa kufutwa kwa ndege unaingia kwenye simu ya mtu aliyefunga ofisi. Na kumbuka fedha kwa kawaida hurudi kwa njia ile ile iliyotumika kulipa: kama wakala alilipa kwa akaunti yake, zitarudi kwake kwanza. Tunza ujumbe wa muamala, risiti, na namba ya tiketi yenyewe. Ile ni tarakimu 13, tofauti na ile ya herufi sita ya kumbukumbu ya safari. Ukidai bila hiyo utazungushwa.

Vocha: ukipewa, uliza tarehe mbili. Kuna ya mwisho ya kukata tiketi mpya na kuna ya mwisho ya kusafiri. Uliza kama inaweza kutumiwa na mtu mwingine na kama kinachobaki kinarudi. Ukiona neno "nakubali" kwenye simu, usibonyeze kabla ya kusoma, maana huenda ndio umekataa fedha taslimu. Kwa ndege zinazoondoka Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kanuni yao ya mwaka 2004 inasema safari ikifutwa na ukachagua kurudishiwa nauli, ilipwe ndani ya siku saba, na vocha ni mpaka abiria mwenyewe aridhie. Marekani nako, Aprili 2020, wizara yao ya uchukuzi iliyakumbusha mashirika kwamba corona haijafuta deni la nauli. Hapa kwetu anza na shirika kwa maandishi, wakikaa kimya peleka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambako pia kuna baraza la watumiaji wa huduma za anga. Kupiga simu pekee hakuachi ushahidi.

Bima ya safari ni nzuri, ila soma wanachokataa. Nyingi hazilipi kwa mlipuko ambao ulishatangazwa siku unayonunua. Kama anayeumwa ni wewe mwenyewe, barua ya daktari yenye mhuri, tarehe na maneno kwamba hufai kusafiri inasaidia kwa baadhi ya mashirika. Peleka kabla ya siku ya safari.

Mzee alitibiwa Dar mwaka uliofuata, anaendelea vizuri, na habari za Mumbai hataki kuzisikia. Wewe mwenye safari bado, piga picha karatasi zako zote, mwachie nakala mtu wa nyumbani mwenye akili timamu, usibebe hela yote kwenye simu moja, usimwamini anayesema "usijali, hiyo mimi nitaishughulikia", na kama rafiki yako anakwambia ghairi haraka watu wanawahi, mwambie asubiri umalize kusoma.