Namna ya Kulikagua Gari la Kale la Mbio za Masafa Marefu Kabla ya Kulinunua

Anza na utambulisho wa gari kabla hujasikiliza mlio wa injini. Magari yaliyoundwa kwa mashindano kama Saa 24 za Le Mans yaligongwa, yakaungua na kuundwa upya, na mara nyingine timu ilihamisha kibao cha namba ya chesisi (fremu inayobeba gari) kutoka gari moja hadi jingine. Ndiyo maana leo huweza kujitokeza magari mawili yanayodai namba ile ile. Namba hiyo hubeba sehemu kubwa ya thamani: Ford GT40 namba 1075 ilishinda Le Mans mwaka 1968 na tena mwaka 1969, na hakuna chesisi nyingine ya GT40 inayoweza kusema hivyo. Mwombe muuzaji mlolongo mzima wa umiliki tangu kiwandani, kisha linganisha picha za enzi zile na gari lenyewe, ukitazama mishono ya kulehemu, viraka na matundu yaliyozibwa. Ukikuta pengo la miaka, usijadili bei mpaka lielezwe kwa maandishi.

Baada ya hapo kagua fremu, na hapa usiharakishe. Porsche 917 ilikuwa na fremu ya mabomba ya alumini iliyojazwa gesi yenye shinikizo, ili kushuka kwa shinikizo kuwajulishe mafundi kwamba kuna ufa. Wahandisi wenyewe walijua metali nyepesi huchoka, yaani hupata nyufa kwa kutikiswa mara kwa mara. Dai vipimo vya nyufa kwa rangi ipenyayo (rangi ya maji inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha) kwenye fremu, mikono ya saspensheni na vitovu vya magurudumu. Vipande vya magnesi huliwa na kutu hata gari likiwa limeegeshwa tu.

Kwa injini, uliza imefanya kazi kwa jumla ya saa ngapi tangu ilipofunguliwa na kukarabatiwa mara ya mwisho, kwa kuwa kilomita hazisemi mengi, na upime uvujaji wa hewa katika kila silinda. Giaboksi ikaguliwe na fundi aliyewahi kuifungua ya aina hiyo.

Ukikusudia kushindana, angalia tarehe ya mfuko wa mpira ulio ndani ya tangi la mafuta: kanuni za FIA (Shirikisho la Kimataifa la Magari, linalosimamia mbio) huupa miaka 5 tangu kutengenezwa, na huongezwa hadi miaka 2 mtengenezaji akiukagua. Pasi ya kiufundi ya FIA huonyesha tu kwamba gari linalingana na muundo wa kipindi chake, wala si uthibitisho wa historia. Kwa hiyo kila dai la muuzaji kuhusu asili ya gari liandikwe ndani ya mkataba kabla hujalipa.