Somo: Mtumbwi wa gome unavyoshonwa

Huku Pwani ukitaja mtumbwi, mtu anaona gogo la mwembe na tezo. Waalgonquin wa bonde la mto Ottawa, Kanada, hawachongi, wanashona. Tena wanaanza na ngozi, mifupa inakuja mwisho. Ukishika hilo, yanayofuata ni mkono tu.

1. Gome. Tafuta mbetula (birch, mti wa nchi za baridi) mweupe, mnene, ulionyooka. Chuna mwanzoni mwa kiangazi chao, Juni au Julai. Nje ya hapo gome linang'ang'ania. Kwanza kata kipande ukikunje huku na huku. Tabaka zikiachana, achana na mti huo.

2. Kamba. Chimba mizizi mirefu ya msprusi mweusi (spruce, jamaa ya msonobari), menya, pasua katikati, loweka. Watu huidharau kazi hii, kisha wanaishiwa kamba mshono ukiwa nusu.

3. Kitanda. Sawazisha ardhi, tandaza gome, weupe juu. Weka fremu ya mwerezi, ikandamize kwa mawe, kunja gome pande zote mbili, lishikize kwa vigingi. Ubavuni litafanya makunyanzi, kwa hiyo likate mikato na uipandanishe. Likikakamaa, lipe maji ya moto.

4. Kushona. Nyanyua fremu hadi kimo cha ukingo. Toboa kwa msharasi, yaani sindano nene ya kutobolea (wa zamani ulikuwa wa mfupa), pitisha mzizi, funga gome na mbao za ukingo, halafu omo na tezi, yaani ncha ya mbele na ya nyuma. Aliyesikia habari za mtepe, chombo cha kale cha Lamu, uliounganishwa kwa kamba za makumbi, hatashangaa.

5. Mataruma, yaani mbavu za mtumbwi. Mwerezi hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake. Loweka, mwagia maji yanayochemka, pinda, acha yakauke. Tandika vibao vyembamba ndani ya gome, kisha gonga mataruma kutoka nchani kuelekea katikati. Hapo gome linakaza kama ngoma. Ukigonga kwa pupa linapasuka, na kazi yote imekwenda na maji.

6. Kalafati. Yeyusha utomvu wa msprusi, chuja, changanya na mafuta ya mnyama na mkaa uliosagwa. Kipimo si kijiko. Paka kwenye kipande cha gome, kitumbukize kwenye maji baridi, kikunje. Ukikatika kama kioo, ongeza mafuta. Ukinata vidoleni, ongeza utomvu. Ukikubali, paka mishono yote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini weupe uwe ndani? Si ungependeza nje?
Gome hilo likibanduliwa hujiviringa lenyewe, weupe ndani. Unalifuata linakotaka kwenda. Halafu ule weupe huchanika vijikaratasi. Upande uliokuwa unagusa mti ndio laini na mgumu.

Niko Tabora. Magome ya miombo tunayotengenezea mizinga yanafaa?
Kwa mzinga sawa, kwa mtumbwi sikushauri. Na ukiuchuna mti wa miombo kuuzunguka, umeuua. Mbetula una gome la nje linaloweza kutoka bila kugusa la ndani, ingawa mafundi wengi huukata kabisa ili wachune vizuri.

Shikamoo fundi. Ukitoboka katikati ya mto?
Marahaba. Unasafiri na mizizi kidogo na donge la utomvu. Vuta mtumbwi ufukweni, pindua, kausha palipotoboka, shona kiraka cha gome, pasha utomvu kwa kijinga cha moto, paka. Ngoja upoe ndipo uushushe majini.